Nyumba ya wazee inahitaji soketi, na fundi ni mtoto wa ami yangu

BARUA

Mshauri mpendwa,

Assalaam alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu na naishi Lamu mjini, mtaa wa Mkomani, katika nyumba ya mawe ambayo babangu aliirithi kwa babake. Marehemu babangu alituachia sisi ndugu wanne, na mpaka leo hatujaigawa. Ndugu zangu wote wako Mombasa. Mimi ndiye niliyebaki kumwangalia mamangu, ambaye ana pumu na ambaye miguu haimruhusu tena kupanda ngazi, kwa hiyo analala katika chumba cha chini kinachoelekea kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba.

Umeme uliingizwa nyumbani na babangu enzi zile mji ulipokuwa ukitegemea jenereta za dizeli. Wakati huo haja ilikuwa taa moja kila chumba, redio, na feni ya msanani, yaani ukumbi mrefu wa ndani. Chumba cha mama kina soketi moja tu. Katika soketi hiyo tumechomeka ekstensheni inayobeba feni, mashine yake ya kuvuta dawa, simu zetu na jokofu lililosimama nje ya mlango wake. Kutoka kwenye ekstensheni hiyo huenda ya pili mpaka jikoni, ambako huchemsha maji kwa birika la umeme na kupiga pasi nguo za shule. Plagi hupata moto wakati mwingine. Jokofu nalo hutekenya vidole ukiligusa miguu ikiwa mitupu, lakini hilo tumelizoea. Tunavaa ndara tu.

Mwaka huu tumekubaliana kuitengeneza nyumba. Boriti za dari ya ndani zimeliwa na mchwa na zinabadilishwa, kuta zitapakwa chokaa upya, na tumeona wakati huo huo tuongeze soketi. Kaka yangu mdogo, ambaye ndiye mwenye kutoa fedha nyingi, amempa kazi hiyo mtoto wa ami yetu, na tayari amemtumia nusu ya malipo. Kijana huyu amefanya kazi ya umeme katika nyumba nyingi za mtaa wetu. Hakusomea chuoni wala hana leseni. Alijifunza kwa kumfuata fundi mmoja mzee. Mpango wake ni kuweka soketi kumi na nne, akivuta waya kutoka kwenye soketi za zamani, na kuchimba mifereji ukutani ili pasionekane kitu. Mmoja wa mifereji hiyo utapita katika ukuta wa zidaka, yale matundu ya nakshi ya kuwekea vyombo.

Nilipomwuliza kuhusu waya wa ardhi, yaani ethi, alinijibu kwamba nyumba nyingi za zamani hapa mjini hazina na watu wanaishi. Nilipomwuliza mara ya pili akanyamaza, kisha akasema, "Dada, kama huniamini sema." Fundi mwingine mwenye leseni, aliyekuwa akifanya kazi katika nyumba ya wageni jirani, aliingia akaangalia akasema hawezi kuongeza hata soketi moja kabla ya kupima nyaya zote zilizopo, na kwamba huenda tukalazimika kubadilisha kila kitu. Gharama aliyotaja ni zaidi ya mara mbili. Kaka yangu anasema huyo anatafuta fedha tu.

Babangu alipofariki, ami ndiye aliyetusimamia mpaka tukamaliza shule. Nitamwondoaje mwanawe kazini mbele ya watu? Mamangu anasema nyumba imekaa miaka mingi bila soketi na waliokaa humo walizeeka salama. Mimi usiku silali. Nikubali, nikatae, au ninyamaze kwa kuwa fedha si zangu?

Mwenye wasiwasi, Lamu

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Umeniuliza kuhusu mtu: umkubalie mtoto wa ami yako au umkatae. Unayo deni la wema kwa ami, unaye kaka aliyetoa fedha na kwa hiyo anayeona neno lake ndilo la mwisho, na unaye mama ambaye pumzi yake inategemea mashine iliyochomekwa katika soketi moja ya zamani. Haya ni mazito na sitayapuuza. Lakini katikati ya barua umetaja jambo moja kwa sentensi mbili, kama mtu anayepita njia, nalo ndilo lililonishtua kuliko yote. Umesema jokofu linatekenya vidole, na kwamba mmelizoea.

Naomba msilizoee. Mwili wa chuma wa jokofu haupaswi kuwa na umeme hata kidogo. Ukikutekenya, maana yake umeme unafika kwenye chuma na haupati njia ya kurudi salama, kwa hiyo unaitafuta njia hiyo kupitia kwako. Leo ngozi ni kavu na kuna ndara, basi unahisi mtekenyo. Siku sakafu ya kiwanda imelowa, au mtoto ametoka kuoga, au kasoro iliyo ndani ya jokofu imekua, kiasi kile kile cha tahadhari hakitatosha. Kwa hiyo kabla ya mambo mengine yote, na bila kungoja uamuzi wa ndugu, zima swichi ya soketi hiyo, chomoa plagi ya jokofu, na lisitumike mpaka limepimwa pamoja na soketi yenyewe. Hili halimvunjii mtu heshima wala halihitaji fedha ya mtu. Nami nasisitiza kwa sababu mashine ya mama yako inatumia soketi hiyo hiyo.

Sasa nirudi kwenye lile jibu ulilopewa, kwamba nyumba nyingi za zamani hazina ethi na watu wanaishi. Sehemu yake ya kwanza huenda ni kweli. Nyumba nyingi ziliwekewa umeme wakati vifaa vilivyotumika vilikuwa taa na redio, na waya wa tatu, yaani huo wa ethi, haukuonekana kuwa wa lazima. Sehemu ya pili ndiyo inayohitaji kuulizwa, kwa sababu nyumba hizo hizo sasa zina majokofu, mashine za kufua, mabirika na pasi, vyote vikiwa na mwili wa chuma au maji karibu yake. Anayetoa hoja hiyo hakudanganyi. Anaeleza alichokiona, na alichokiona ni nyumba ambazo ajali haijatokea.

Lamu ina ugumu wake wa pekee katika jambo hili. Mji umekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na ardhi ya namna hii inapokauka hupitisha umeme kwa shida. Tuseme nondo ya ethi imepigwa chini na upinzani wake ni omu 40. Kasoro ikitokea ndani ya jokofu, volti 240 zitasukuma ampea 6 tu kuelekea ardhini. Fyuzi ya ampea 30 haitashtuka hata kidogo kwa ampea 6. Itakaa kimya, na mwili wa jokofu utabaki na umeme mpaka mtu aguse. Ndiyo maana katika nyumba kama yako ethi peke yake haitoshi, na ndiyo maana mafundi makini husisitiza kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile wanachokiita RCD. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Vikitofautiana kwa kiasi cha miliampea 30, ambacho ni kidogo mno kulinganisha na kile kinachoyeyusha fyuzi, hukata kwa sehemu ndogo ya sekunde. Hakimkingi mtu anayegusa waya wa moto, unaoleta umeme, na wa nyutro, unaourudisha, kwa pamoja, wala hakizuii nyaya kupata moto kwa kubebeshwa mzigo kupita kiasi. Kazi hiyo ni ya fyuzi au ya swichi inayojikata yenyewe mzigo unapozidi. Vyote vinahitajika pamoja.

Kuna swali moja ambalo ningependa umwulize mtoto wa ami yako, kwa upole, na ikiwezekana mkiwa wawili tu. Mwulize: katika soketi mpya zenye matundu matatu, tundu la juu litaunganishwa na nini? Naliuliza kwa sababu kuna mazoea mabaya, yaliyoenea mahali pengi, ambapo fundi asiye na ethi huunganisha pini ya ethi na waya wa nyutro ndani ya soketi. Soketi itafanya kazi. Kipimo rahisi kitaonyesha kwamba ethi ipo. Siku waya wa nyutro utakapokatika au kulegea mahali popote nyuma yake, kila kifaa cha chuma kilichochomekwa hapo kitapata umeme kamili kwenye mwili wake. Ikiwa jibu lake litakuwa hilo, utajua kwamba shida imevuka suala la soketi kumi na nne. Ikiwa atakwambia kwamba amepanga kupiga nondo mpya na kuleta waya wa ethi mpaka kila soketi, basi utakuwa umegundua kwamba anajua zaidi ya alivyokuonyesha siku ile aliponyamaza.

Niruhusu pia niulize kuhusu hizo kumi na nne. Ni nani aliyezihesabu, na kwa haja gani? Nilivyoisoma barua yako, taabu yenu iko mahali pawili: chumba cha mama na jikoni. Birika la umeme la kawaida hula takriban wati 2,000 na pasi takriban wati 1,200. Vikiwashwa kwa pamoja ni wati 3,200, ambazo kwa volti 240 ni zaidi ya ampea 13, na plagi moja imetengenezwa kubeba ampea 13 na si zaidi. Hapo sijahesabu jokofu, feni wala mashine ya dawa. Umeme huo wote unapita katika plagi moja, kisha katika waya mwembamba wa ekstensheni, kisha katika soketi ambayo chemchemi zake za shaba zimelegea kwa umri na kuliwa na hewa ya chumvi. Plagi kupata moto kunatokana na hayo. Mkiongeza soketi kumi na nne huku zote zikinywa kutoka kwenye waya ule ule wa babako, mtakuwa mmeongeza milango bila kuongeza njia, na joto ambalo sasa mnalihisi kwenye plagi litahamia ndani ya ukuta, mahali ambapo mkono haufiki.

Kwa kawaida njia ya soketi hutoka moja kwa moja kwenye sanduku la fyuzi, kwa waya wa shaba wa milimita mraba 2.5, ikiwa na swichi yake ya kukata mzigo, na taa huwa na njia yao nyembamba ya milimita mraba 1.5 iliyo mbali na soketi. Inawezekana, basi, soketi sita au saba zilizoletwa kwa njia mpya chumbani kwa mama na jikoni zikawafaa zaidi kuliko kumi na nne zilizotundikwa juu ya nyaya za zamani. Birika na pasi zikipata soketi zao jikoni, ekstensheni zote mbili zinaweza kuondoka siku hiyo hiyo.

Kuhusu fundi yule mwenye leseni, kaka yako anasema anatafuta fedha. Inawezekana, simjui. Lakini alichokisema si cha ajabu. Nyaya zilizowekwa zamani sana zilikuwa na ganda la mpira, ambalo hukauka na kupasuka kama ngozi ya muwa, na fundi akilipinda kidogo ili aunge waya mpya linaweza kuvunjika pale pale. Hata zile zilizokuja baadaye zenye ganda la plastiki huchoka zikipata joto mara kwa mara. Kupima anakokusema kunamaanisha kuzima umeme, kuchomoa vifaa vyote, na kusukuma volti 500 katika nyaya kwa chombo maalumu ili kuona kama ganda bado linazuia. Kipimo kikishuka chini ya omu milioni moja, waya huo hauaminiki. Atapima pia upinzani wa nondo ya ethi, kama ipo. Si kazi ya siku nyingi, na matokeo yake ni tarakimu ambazo unaweza kumwomba aziandike kwenye karatasi. Ndipo mtajua kama maneno yake ya kubadilisha kila kitu yana msingi. Hamtashindana tena kwa kudhani, yeye akisema nyaya ni mbovu na kaka yako akisema ni mwongo.

Mnaweza kumlipa kwa upimaji peke yake. Watu wengi hawajui kwamba inaruhusiwa kuomba hivyo.

Sasa ukuta. Hapa nakiri kwamba moyo wangu uko upande mmoja, kwa hiyo nisome ukijua hilo. Kuta za nyumba zenu zina unene wa karibu nusu mita, lakini ndani yake ni vipande vya matumbawe vilivyoshikamanishwa kwa udongo na chokaa, na nguvu yake iko katika kushikana huko. Mfereji mrefu wa kulala, unaochimbwa kwa nyundo na tindo, hukata mshikamano huo na huweza kulegeza mawe yaliyo mbali na pale palipogongwa. Ukuta wa zidaka ni dhaifu zaidi, kwa kuwa zidaka zenyewe ni matundu yaliyopunguza unene wa ukuta, na nakshi zake za chokaa zilichongwa kwa mkono. Fundi wa kuzirudisha kama zilivyokuwa ni adimu kuliko fundi wa umeme. Tena mifereji hiyo kwa kawaida huzibwa kwa saruji kwa sababu hukauka upesi. Saruji ni ngumu kuliko chokaa na haipumui kama chokaa; unyevu hukwama nyuma yake, chumvi iliyomo katika matumbawe husukumwa nje, plasta hubanduka, na masanduku ya chuma ya soketi huanza kula kutu.

Kuna jambo la sheria pia. Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, na majengo yake yanalindwa chini ya Sheria ya Makavazi na Urithi ya 2006. Kwa kuwa tayari mnabadilisha boriti, nadhani mmeshafika katika ofisi ya Makavazi ya Kitaifa mjini. Kama hamjafika, nendeni kabla tindo halijagusa ukuta, na mwulizeni ofisa kuhusu njia ya nyaya. Ushauri ninaoujua mimi ni kupitisha nyaya ndani ya paipu za plastiki zilizo wazi juu ya ukuta, zikifuata pembe na ukingo wa dari, zikishuka wima mpaka kwenye soketi na kupakwa rangi ya chokaa. Zitaonekana, sikufichi. Lakini zinaweza kufunguliwa, kukaguliwa na kuondolewa siku moja bila kuuumiza ukuta, na kwa kuwa dari ya ndani imefunguliwa sasa kwa ajili ya boriti, huenda sehemu kubwa ya njia ikapita huko bila kuchimba popote. Masanduku ya soketi yawe ya plastiki, yakae juu ya sakafu kwa karibu nusu mita kwa ajili ya unyevu na maji ya kuoshea kiwanda, na pasiwe na soketi karibu na choo na mahali pa kuogea, umbali wa mita 3 hivi.

Najua kwamba yote haya bado hayajagusa kinachokunyima usingizi, yaani ami yako. Hebu tuziangalie njia zilizo mbele yako.

Unaweza kunyamaza na kazi ikaendelea kama ilivyopangwa. Utalinda amani ya leo, na kaka yako hatakasirika. Lakini utakuwa umebeba peke yako siri ya hofu yako, na kukitokea jambo, kijana huyo naye ataangamia pamoja nanyi, kwa kuwa kila mtu mtaani atajua ni mkono wa nani. Sidhani kumwacha katika hatari hiyo ni kumlipa ami wema wake.

Unaweza kumwondoa kabisa na kumleta mwenye leseni. Nyumba huenda ikawa salama zaidi, ingawa leseni nayo si dhamana ya kila kitu. Wapo wanaotia saini kazi iliyofanywa na wengine bila kuitazama. Leseni za kazi hii hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, kwa madaraja kulingana na ukubwa wa kazi, na una haki ya kuomba kuiona na kuangalia kama bado haijaisha muda. Gharama ya njia hii, zaidi ya fedha, ni kwamba utamwaibisha mtu mbele ya mtaa unaompa riziki.

Iko njia ya kati ambayo wewe hukuitaja, na sijui kama ni kwa sababu uliifikiria ukaiacha. Mwenye leseni apime, achore njia, aunganishe sanduku la fyuzi, apime tena mwishoni na atie saini cheti cha kazi; na mtoto wa ami yako apitishe paipu, avute nyaya na kufunga soketi chini ya usimamizi wake, kwa fedha ile ile aliyokwisha kupokea. Mafundi wengi wakubwa hufanya kazi na wasaidizi, kwa hiyo si jambo geni. Linaweza hata kumfaa kijana, kwa kuwa waliojifunza kazi mikononi mwa wazee wanaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, na cheti hicho huweza kuwa mwanzo wa safari ya kuomba leseni yake mwenyewe. Kama familia ingependa kumlipa ami, pengine kumsaidia mwanawe ada ya mtihani kungekuwa malipo yanayodumu kuliko kumpa kazi hii moja. Hatari ya njia hii ni kwamba inahitaji watu wawili wenye kujithamini wakubali kufanya kazi pamoja, na huyo mwenye leseni anaweza kukataa. Pia, mkifanya kwa awamu, nyaya mpya chini na za zamani zikibaki ghorofani, lazima nyaya za zamani ambazo hazikufaulu kipimo zikatwe kabisa kutoka kwenye sanduku. Zikiachwa "kwa muda", RCD itakuwa ikijikata kila mara kwa sababu ya uvujaji wake, na mtu atachoka siku moja aiondoe.

Kwa kaka yako, nadhani unamwona kama mwenye fedha, naye labda hajawahi kuhisi jokofu lile likimtekenya. Mweleze hilo kabla ya kumweleza habari za leseni. Mwambie plagi ya mashine ya mama inapata moto. Ndugu aliye mbali husikia "fundi anataka fedha zaidi" na kujilinda. Akisikia habari ya mama yake huenda akasikiliza kwa namna nyingine. Nyumba hamjaigawa, dada yangu, na wewe unayelala ndani yake una sehemu yako ya kusema.

Na mama ana haki yake katika maneno aliyosema. Waliokaa humo walizeeka salama kweli, kwa kuwa hawakuwa na jokofu wala birika la wati 2,000. Usibishane naye. Mshirikishe: mwulize angependa soketi ya mashine yake iwe upande gani wa kitanda, ili asiiname wala kuvuka waya usiku.

Mtoto wa ami yako alikwambia, "Kama huniamini sema." Mimi nasikia ndani yake mtu aliyeumia, na labda mtu anayejua kwamba kuna asilolijua. Si lazima umjibu kwa ndiyo au hapana. Unaweza kumwambia kwamba mama anategemea mashine ile, kwamba unataka nyumba nzima ipimwe kabla hajaweka mkono wake ili asije akalaumiwa kwa makosa yaliyofanywa kabla hajazaliwa, na kwamba ungependa awepo siku ya kupima. Kwa maoni yangu hilo ni kweli tupu, na linampa nafasi ya kusimama upande wako. Akikataa hata kuwepo, utakuwa umejifunza jambo, na uamuzi utakaoufanya baada ya hapo utakuwa wako na nduguzo.

Mambo machache ya utaratibu, kisha nikuache. Nondo ya ethi ikiwekwa, ni vyema ipimwe mwishoni mwa kaskazi, ardhi ikiwa imekauka, kwa sababu kipimo cha wakati wa masika huwa kizuri kupita hali halisi. Mtu yeyote asifungue muhuri wa kampuni ya umeme kwenye mita wala fyuzi iliyo kabla ya mita. Hiyo si mali yenu, na umeme wa hapo haukatiki kwa swichi ya ndani. Kabla chokaa haijafunika chochote, piga picha za njia zote za nyaya na uwatumie nduguzo, ili atakayepigilia msumari miaka kumi ijayo ajue pa kuepuka. RCD ikishafungwa, kuna kitufe kidogo cha kuijaribu. Kibonyeze kila baada ya miezi michache, na kama haikati, mwite fundi siku hiyo.

Siku ya kupima, umeme utazimwa kwa saa kadhaa. Zungumza na kliniki ya mama mapema kuhusu dawa ya kupuliza kwa mkono ya kutumia wakati mashine imezimwa, na mwombe jirani mwenye umeme wa uhakika akuwekee nafasi ya kuichomeka endapo kifua kitambana kabla kazi haijaisha.